Karatasi ya homoni za PCOS: kabla hujalia, angalia damu ilitolewa siku gani

BintiMaabara (mwanzilishi wa uzi)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Uzi huu ni wa dada zangu wa Mombasa na Pwani nzima walioshikishwa karatasi ya maabara yenye herufi tele, wakaambiwa "una PCOS" (hali ya homoni kuvurugika inayozigusa ovari na hedhi), na maelezo yakaishia kwenye "punguza mwili" au "zaa haraka". Kazi yangu ni ya maabara, hapa hapa kisiwani. Mimi si daktari wa wanawake na humu sitampa mtu dawa. Lakini karatasi hizo tunazitoa sisi, na inaniuma nikiona dada amepiga picha majibu yake, ameyatuma kwenye kikundi cha WhatsApp, akarudishiwa maneno ya kumtisha na watu ambao hawakumuuliza hata damu ilitolewa siku ya ngapi ya hedhi.

Nianze na hili maana ndilo linalovuruga wengi: hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema una PCOS au huna. Vigezo vinavyotumika kwingi duniani vilikubaliwa Rotterdam mwaka 2003, navyo vinataka mambo mawili kati ya matatu. Moja, mayai hayapevuki kwa mpangilio, na utalijua hilo kwa hedhi kuchelewa au kupotea. Pili, homoni za kiume zimezidi, ama zinajionyesha mwilini kwa ndevu za kidevuni, chunusi zisizokwisha na nywele za utosini kukonda, ama zinaonekana kwenye damu. Tatu, ovari zina vifuko vingi vidogo kwenye altrasaundi. Na maradhi mengine yanayofanana nayo lazima yaondolewe. Sasa dada ambaye hedhi humjia baada ya miezi miwili mitatu na kidevu chake anakitoa kwa uzi kila wiki, huyo mawili anayo tayari. Kumkopesha pesa za altrasaundi ili aonyeshwe vifuko ni kumwongezea deni tu.

Haya, herufi zenyewe. LH na FSH hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. FSH hukuza kifuko cha yai na kukiwezesha kutengeneza estrojeni, homoni ya kike. LH huchochea ukuta wa nje wa kifuko utoe homoni za kiume, ambazo kwa kawaida hugeuzwa estrojeni hapo hapo ndani. (Ndiyo, kila mwanamke ana homoni za kiume, ni kiasi tu.) Kwa wengi wenye PCOS, ubongo hutuma ishara zake kwa haraka mno, na haraka hiyo hupandisha LH na kuiacha FSH nyuma. Homoni za kiume zinazidi, hakuna kifuko kinachopata nguvu ya kukua mpaka kikatoa yai, vyote vinasimama njiani vikiwa vidogo. Hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Havioti kuwa saratani, havikatwi, wala hakuna dawa ya kuvisafisha.

Watu wamezoea kuambiwa "LH yako ni mara mbili ya FSH, basi ndiyo hiyo". Uwiano huo haumo kwenye vigezo. Wako wenye PCOS ambao LH yao iko sawa kabisa, hasa wenye miili mikubwa, na wako wazima kabisa ambao walitolewa damu karibu na siku ya yai kutoka, wakati LH hupaa kwa kila mwanamke. Damu ya LH na FSH hutolewa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Kama hedhi haiji kabisa, itatolewa siku yoyote, lakini iandikwe hivyo kwenye fomu. Na kipimo cha mimba kitangulie. Narudia: kipimo cha mimba kitangulie. Hata mwenye hedhi ya kupotea hushika mimba, kwa sababu siku yai likiamua kutoka halimpigii mtu hodi.

Testosteroni ndiyo nataka tuikalie. Kwenye karatasi nyingi utaona "testosteroni jumla" peke yake. Nyingi ya hiyo haifanyi kazi yoyote, maana imebebwa na protini iitwayo SHBG inayotengenezwa na ini. Testosteroni iliyobebwa ni abiria aliye katikati ya maji kwenye feri ya Likoni: yumo, anahesabiwa, lakini hana atakalolifanya mpaka ashuke. Sasa kwa wengi wenye PCOS mwili umekuwa mgumu kuitikia insulini, kwa hivyo kongosho linamwaga insulini nyingi zaidi ili sukari iingie kwenye chembe. Insulini hiyo ya ziada inafanya mambo mawili kwa pamoja: inazisukuma ovari zitoe testosteroni zaidi, na inalizuia ini lisitengeneze SHBG. Ndiyo maana jumla inaweza kusomeka kawaida na huku ndevu zinaota. Ukipimwa testosteroni, omba na SHBG. Bila hiyo ya pili, ya kwanza inasema nusu ya maneno.

Insulini hiyo hiyo ndiyo inayoleta ule weusi wa shingo na makwapa. Kina mama, nawasihi, weusi ule si uchafu. Binti akisuguliwa dodoki mpaka achubuke hautatoka. Mpelekeni akapimwe sukari.

Halafu vipo vipimo ambavyo kazi yake ni kuondoa maradhi mengine, na hivi visirukwe. TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo ikilegea hedhi huvurugika. Prolaktini, homoni ya maziwa, kwa sababu ikipanda hufunga hedhi, nayo hupandishwa na vitu vingi: kunyonyesha, hofu ya sindano, hata dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi. Na 17-hidroksiprojesteroni, inayotolewa asubuhi mapema mwanzoni mwa mzunguko, kutafuta hitilafu ya kuzaliwa nayo ya tezi za juu ya figo ambayo inaweza kufanana na PCOS kwa kila kitu.

Mwenye pesa kidogo aanze wapi? Kwa maoni yangu: mimba, TSH, prolaktini, testosteroni pamoja na SHBG, na sukari. LH na FSH zingoje daktari aziombe kwa sababu maalum. Ulizeni, nikitoka zamu nitajibu.


MamaSwabry_Kisauni

Wa aleikum salaam dadangu, Mungu akuzidishie. Karatasi ninayo hapa mbele yangu. LH 14.2, FSH 5.1. Testosteroni jumla 46 ng/dL, wameandika kawaida. SHBG 18 nmol/L, ina L pembeni. Wa kwanza aliniambia uwiano umepita kiasi, kuzaa nisahau. Wa pili akaniambia testosteroni yako nzuri, huna kitu, nenda nyumbani. Nina miaka 27 na mtoto mmoja. Hedhi yaja baada ya miezi miwili, saa nyingine mitatu. Kidevu natoa. Nishike la nani?


BintiMaabara

Shoga, usishike la yeyote kati ya hao wawili kwanza. Chukua simu yako tupige hesabu.

Testosteroni yako imeandikwa kwa ng/dL na SHBG kwa nmol/L, kwa hivyo hazilinganishwi mpaka ziwe kipimo kimoja. 46 mara 0.0347 ni kama 1.6 nmol/L. Sasa 1.6 mara 100, gawanya kwa 18, unapata karibu 8.9. Hesabu hiyo huitwa fahirisi ya androjeni huru, na maabara nyingi huanza kuitilia shaka ikipita 5. Yaani ile jumla iliyosomeka kawaida, sehemu kubwa yake iko huru inafanya kazi, kwa sababu SHBG yako ni ndogo. Kidevu chako kilikuwa kinasema kweli.

La "kuzaa usahau" halina msingi wowote kwenye karatasi hii. Una mtoto! LH 14 na FSH 5 haisemi utazaa au hutazaa. Inachoweza kusema ni kwamba pengine yai halitoki kila mwezi, jambo ambalo hedhi yako imeshakwambia.

Niambie mawili. Damu ilitolewa siku gani? Na ulikuwa unatumia njia yoyote ya kupanga uzazi?


MamaSwabry_Kisauni

Siku sikuulizwa, nilienda tu. Nilikuwa nachoma sindano ya miezi mitatu, niliacha mwaka jana. Lakini hedhi yangu ilikuwa hivi hivi tangu sijaolewa, mamangu alikuwa akinipa maji ya tangawizi.


BintiMaabara

Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko nambari zote, na uliseme kwa daktari hivyo hivyo ulivyoliandika. Sindano ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha hedhi kurudi kwa miezi mingi baada ya kuacha, hata mwaka, na kwa sindano peke yake mtu asibandikwe jina la PCOS. Wewe ilikuwa hivyo kabla ya sindano, basi picha ni nyingine.

Na wengine mnaosoma: anayemeza tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni asipimwe homoni hizi akiwa anazimeza. Tembe hupandisha SHBG na kushusha LH na testosteroni, karatasi itakuja safi na ugonjwa upo. Hungojewa kama miezi 3 baada ya kuacha. Lakini usiache bila kupewa njia nyingine, la sivyo tutaonana kwa kipimo cha mimba.


TabibuChangamwe

Uzi mzuri sana huu. Mimi ni tabibu, nawaona kina dada hawa kila juma, na nataka kuongeza mambo ambayo karatasi ya homoni haiwezi kuyasema.

La kwanza ni ukuta wa mfuko wa uzazi. Yai lisipotoka, projesteroni, homoni ambayo ikishuka huleta hedhi, haitengenezwi, lakini estrojeni inaendelea kuujenga ule ukuta mwezi baada ya mwezi bila kubomolewa. Miaka ikipita hivyo, ukuta unanenepa, na hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi inapanda. Mwanamke akikaa zaidi ya siku 90 bila hedhi, na hana mimba, na hatumii njia ya uzazi inayosimamisha hedhi, asikae nyumbani akishukuru kwamba amepumzika. Aje. Kuna vidonge vya projestini (dawa inayoiga projesteroni) vya siku chache vya kuleta hedhi, kuna tembe za kawaida, kuna koili yenye homoni. Kwa anayetaka mtoto na kwa asiyetaka, wote wana njia.

La pili ni sukari. Kipimo kinachoaminika zaidi kwa mwenye PCOS ni kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kutolewa damu kabla na baada ya saa 2. Ikifika 7.8 mmol/L baada ya saa 2, mwili umeanza kushindwa, ikifika 11.1, hiyo ni kisukari. Wengi huja na HbA1c, ile ya wastani wa sukari wa miezi mitatu. Ni nzuri, lakini kwetu Pwani mnajua jinsi selimundu ilivyo nyingi majumbani, na wabebaji ambao hawajijui ndio wengi zaidi. Selimundu na upungufu wa damu vinaweza kuipotosha HbA1c, ikaonekana ya chini au ya juu kuliko ukweli. Kama kwenu kuna selimundu, mwambie anayekupima.

Na kipimo cha insulini chenyewe, ambacho naona kinauzwa sana siku hizi ndani ya vifurushi vya "homoni kamili", mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 haupendekezi kitumike kliniki. Nambari zake zinayumba mno. Ukiwa na hela hiyo, fanya cha glukosi.


Kaka_Likoni

Samahani naingia uzi wa kina dada. Mke wangu ameambiwa AMH yake ni 9.8 ng/mL, wakasema mayai "yamejaa". Tumefurahi, tukadhani mimba iko karibu. Miaka inapita hakuna kitu. Sasa ameandikiwa letrozoli, akasoma mtandaoni ni dawa ya saratani ya matiti, akaogopa, hajameza. Nyumbani kwetu maneno yameanza, mamangu ananitajia mke wa pili. Mimi nampenda mke wangu. Nataka kuelewa tu.


BintiMaabara

Karibu kaka, na ahsante kwa kumuulizia. Wangekuwa wengi kama wewe humu.

AMH hutengenezwa na vile vifuko vidogo vyenyewe. Vikiwa vingi, AMH inapanda. Kwa hivyo 9.8 inasema vifuko ni vingi, na hapo hapo inasema vingi vimesimama bila kupevuka. Haisemi yai linatoka. AMH ya juu kwa mwenye PCOS ni alama ya lile lile tatizo lake, kwa hivyo hamkufurahi bure, akiba ipo, lakini mlango wa kutokea ndio haufunguki. Mwongozo wa 2023 umeruhusu AMH itumike badala ya altrasaundi kwa mwanamke mtu mzima, basi yeye huenda hakuhitaji vyote viwili.

Letrozoli namwachia tabibu. Mimi nina neno la projesteroni. Najua mtaambiwa mkaipime "siku ya 21" kuona kama yai limetoka. Siku ya 21 ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Mkeo kama mzunguko wake ni siku 40, siku ya 21 yai bado hata halijafikiria kutoka, itasomeka chini na atalia bure. Hutolewa kama siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kwa siku 40 ni kama siku ya 33. Ikipita 3 ng/mL, yai lilitoka.

Na wewe kaka, mbegu zako zimepimwa?


Kaka_Likoni

Bado.


TabibuChangamwe

Basi kaka, hilo lianze kesho. Ni kipimo rahisi kuliko vyote alivyopitia mkeo, na sababu za kukosa mtoto ziko kwa mwanamume katika nyumba nyingi sana. Anza nalo kabla mama hajaongeza neno lingine.

Letrozoli: ni kweli ilitengenezwa kwa saratani ya matiti, kwa sababu inazuia homoni za kiume zisigeuzwe estrojeni. Kwa mkeo inatumika siku 5 tu mwanzoni mwa mzunguko, kwa kipimo kidogo. Estrojeni ikishuka kidogo, ubongo unadhani kuna upungufu, unaongeza FSH wenyewe, na kifuko kimoja kinapata nguvu ya kukua. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2014 uliwagawa wanawake 750 wenye PCOS: waliopata watoto kwa letrozoli walikuwa asilimia 27.5, kwa klomifeni, dawa ya zamani ya kutoa yai, asilimia 19.1. Tangu hapo ndiyo dawa ya kwanza. Ameze kwa uangalizi wa aliyemwandikia, na mimba ithibitishwe kwamba haipo kabla ya kuanza.


DawaAsili_Kongowea

Kina dada msipoteze pesa na mahospitali. Ninao unga unaosafisha ovari, siku 21 vifuko vyote vinatoka na hedhi. Walionunua wanashuhudia.


BintiMaabara

Ndugu yangu, riziki natafuta na wewe watafuta, lakini hili sitalinyamazia. Vile vifuko vina mayai ndani yake. Havitoki na hedhi, haviwezi kutoka na hedhi, kwa sababu ovari haiko ndani ya mfuko wa uzazi. Yale mabonge yanayowatoka baada ya unga ni damu na ukuta wa mfuko wa uzazi. Kina dada, kama mmekunywa chochote cha namna hii, kitajeni mkienda kupimwa. Hakuna atakayewacheka.


Nuru_Majengo

Mimi shida yangu ni nywele, utosini panaonekana ngozi. Nameza vidonge vya nywele nilivyoletewa na shangazi kutoka Dubai. Majibu yangu: testosteroni juu sana, TSH chini kabisa. Daktari ameanza kunizungumzia tezi ya shingo imechemka. Lakini sina dalili hata moja alizonitajia, sitetemeki, sijakonda, moyo hauendi mbio.


BintiMaabara

Dada Nuru, hivyo vidonge vina bayotini? Tazama nyuma ya chupa.


Nuru_Majengo

Ndiyo. Bayotini 10,000 mcg.


BintiMaabara

Nilidhani hivyo, na hili nawaomba wote mlisome polepole kwa sababu wanaokonda nywele ndio hao hao wanaopimwa homoni.

Mwili unahitaji bayotini kama mikrogramu 30 kwa siku. Wewe unameza 10,000. Haikudhuru, lakini inaihadaa mashine. Baadhi ya mashine za homoni hutumia bayotini yenyewe kunasia kile zinachopima. Damu ikija imejaa bayotini kutoka kwenye kidonge, mnaso unashikwa na hiyo. Kwa namna kipimo cha TSH kilivyoundwa, nambari inaanguka chini kwa uongo. LH, FSH na prolaktini pia. Kwa testosteroni, estrojeni na projesteroni ni kinyume, inapanda kwa uongo. Tazama karatasi yako: TSH chini, testosteroni juu. Ndiyo sura yenyewe. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hili mwaka 2017, na bado fomu nyingi hazina pahali pa kuuliza.

Usianze dawa yoyote ya tezi kwa karatasi hiyo. Mweleze daktari, acha vidonge siku 3, mpime upya. Kama testosteroni itabaki juu, hapo tutajua ni yako kweli.

Kwa wote: kama testosteroni imepaa mno, na ndani ya miezi michache sauti imekuwa nzito na nywele zimeota kifuani kwa kasi, hiyo si ya kungoja miadi. Mara chache sana huwa ni uvimbe kwenye ovari au tezi za juu ya figo, na unahitaji picha haraka.


Umu_Bamburi

Binti yangu ana miaka 14, alivunja ungo mwaka jana. Hedhi inaruka mwezi, inarudi. Nikampeleka altrasaundi, wakaandika ovari zina vifuko vingi, PCOS. Tangu siku hiyo mtoto hali, amesoma kwenye simu kwamba hatazaa. Nifanye nini jamani.


TabibuChangamwe

Pole sana mama. Mrudishie mtoto chakula chake kwa kumwambia haya, na umwonyeshe niliyoyaandika ukitaka.

Ovari za msichana aliyevunja ungo juzi huwa na vifuko vingi kwa kawaida. Ndiyo maana altrasaundi haitumiki kutafuta PCOS mpaka ipite miaka 8 tangu hedhi ya kwanza, wala AMH haitumiki kwa umri huu. Kwa wasichana vigezo ni viwili na vyote viwili viwepo: hedhi isiyo na mpangilio kwa umri wake, na dalili za kweli za homoni za kiume. Mwaka wa kwanza hedhi kuruka ni jambo la kawaida. Kuanzia mwaka wa pili hadi wa tatu tunaanza kuangalia kama inakuja chini ya siku 21 au inapita siku 45. Kukaa zaidi ya siku 90 baada ya mwaka wa kwanza, mlete hata mara moja.

Kwa sasa andikeni tarehe zake kwenye kalenda. Kama ana ndevu, chunusi kali au weusi wa shingo, mlete tumwangalie na tumfuatilie. Kama hana, hana PCOS leo, na picha ile haikupaswa kumpa jina hilo.


Umu_Bamburi

Hana hata kimoja. Nimemsomea. Analia lakini amekula. Shukran, Mungu awalipe.


BintiMaabara

Mama, mwambie pia kwamba hata wenye PCOS kamili wanazaa, wengi bila dawa yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 10 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa wanayo. Mtaa wowote anaoujua hapo Bamburi, wamo ndani yake na watoto wao.


BiKhadija_Mjiwakale

Na sisi tunaofunga? Ramadhani ikifika naweza kutoa damu ya njaa asubuhi, si niko kwenye saumu?


BintiMaabara

Swali zuri Bi Khadija, na kila Ramadhani tunakutana nalo.

Damu ya njaa inataka angalau saa 8 bila kula. Ukila daku saa kumi alfajiri na ukaja maabara saa mbili asubuhi, hizo ni saa 4 tu. Uko kwenye saumu lakini damu yako haiko kwenye njaa. Sisi tunaliona hilo kwa macho: damu ikishaganda tunaizungusha kwenye mashine, maji ya manjano yanabaki juu, na hayo ndiyo tunayopima. Aliyekula mahamri ya nazi na chai ya maziwa alfajiri, maji yake hutoka meupe ya ukungu, hata herufi zilizo nyuma ya chupa hazisomeki. Mafuta yale yanavuruga vipimo vingine vyote vilivyomo humo. Tunamrudisha, na nauli imeliwa.

Kipimo cha kunywa glukosi nacho huwezi kukifanya mchana wa saumu, maana unainywa.

Lakini angalia: homoni tunazitaka siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi, na siku hizo hufungi. Basi usiku wa kuamkia siku hizo kula futari yako na chakula cha usiku, maliza kufikia saa nne, usiamke na wenzako kula daku, maji matupu kunywa, na uje saa moja asubuhi kabla foleni haijajaa. Sukari, glukosi na homoni zote zinatolewa kikao kimoja. Utakaa saa 2 kungoja damu ya pili, kwa hivyo njoo na kitu cha kusoma, na chakula kwenye mkoba cha kula ukimaliza.